Karai Moja kwa Sikukuu Nzima: Sambusa na Vitafunwa Vitamu vya Nyakabiga

Sherehe ya Bujumbura hutanguliwa na vinywaji. Iwe Noeli, Bonane (Mwaka Mpya), ubatizo au siku ya kupeleka mahari, kreti za Primus na Fanta hushushwa kwanza, wageni hupangwa kwenye viti vya plastiki, kisha hotuba zinaanza. Mgeni amependeza, mkono mmoja umeshika chupa, na mzee wa familia anaweza kusimama nusu saa akieleza ukoo ulikotoka. Kitafunwa cha kumpelekea mgeni huyo kinapaswa kushikika kwa vidole viwili, kisichuruzike juu ya kitenge kipya, na kibaki kitamu hata kikipoa kabla mzee hajaketi.

Nyakabiga ni mtaa uliobanana kati ya Bwiza, Rohero na mto Ntahangwa, jirani na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi. Nyumba nyingi hushirikiana ua mmoja, na mapishi makubwa hufanyika hapo hapo uani, juu ya mbabura la makaa. Oveni ni za wachache. Umeme hukatika bila taarifa, kwa hiyo hata mwenye friza hawezi kuitegemea kwa sambusa mia moja za Krismasi. Mapishi ya vitabuni yanayoanza kwa kusema "washa oveni" hayamsaidii mtu wa hapa. Kinachomsaidia ni karai moja pana, mafuta safi, na kujua lipi litangulie na lipi lisubiri. Kwa karai hilo hilo zitatoka sambusa za nyama, za ndagala na za viazi, pamoja na vitamu viwili vitatu, ikiwa mpishi atakuwa na manda nyembamba, vijazo vikavu na moto anaoumudu.

Sambusa yenyewe ni chakula cha safari ndefu. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza sambusa za meza ya mfalme huko Delhi: nyama ya kusaga iliyopikwa kwa lozi, pistachio, vitunguu na viungo, ikafungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Karne kadhaa baadaye misafara iliunganisha pwani na Ujiji, Kiswahili kikapanda na Ziwa Tanganyika hadi Usumbura, jina la zamani la Bujumbura, na wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu wakafungua maduka yao katika mtaa ambao hadi leo unaitwa Quartier Asiatique. Lozi hazikufika uani Nyakabiga. Ngozi ile nyembamba ilifika.

Manunuzi

Tangu soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, manunuzi ya sikukuu yametawanyika. Mkazi wa Nyakabiga huenda soko la Jabe kwa mboga na viungo, Ruvumera kule Buyenzi, au COTEBU akitaka vitu kwa wingi. Unga, mafuta, iliki na sukari vinunuliwe mapema, wiki mbili kabla, maana siku tatu za mwisho kila mtu anatafuta kitu kile kile. Nyama, dania na ndimu vingoje asubuhi ya sherehe yenyewe.

Kuhusu kiasi, hesabu sambusa tatu na vitamu viwili kwa kila mgeni mzima. Wageni 30 wanahitaji sambusa 90, yaani manda za kilo moja ya unga na ziada kidogo ya zitakazopasuka. Watoto wasihesabiwe nusu. Kwenye vitafunwa wao hula kuliko baba zao.

Manda

Wengi hununua manda zilizokwisha kutengenezwa, lakini za nyumbani zina faida: unaamua mwenyewe wembamba wake. Kwa sambusa 48, chukua unga wa ngano nusu kilo, kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya chakula vya mafuta, na maji ya vuguvugu kati ya mililita 250 na 280. Maji yatiwe kidogo kidogo, kwa sababu unga haunywi sawa. Kanda dakika kumi mpaka donge liwe laini na lisishike mkononi, lifunike, liache lipumzike nusu saa. Usiruke mapumziko hayo. Donge lisilopumzika hurudi nyuma kila linaposukumwa, na mpishi hujikuta anashindana nalo.

Gawa vidonge 24. Sukuma kila kimoja kiwe na upana wa kisosi cha chai, kipake mafuta juu, nyunyiza unga mkavu, kisha weka kingine juu yake. Panga vinne hivyo. Cha juu kabisa kisipakwe kitu. Sasa sukuma rundo lote kwa pamoja, ukiligeuza mara kwa mara, mpaka lifike upana wa sentimita 20 hivi. Asiye na mti wa kusukumia chapati atumie chupa iliyooshwa vizuri. Hapa nguvu nyingi haitakiwi, kwa kuwa mkandamizo wa ghafla hugandisha safu mbili na hazitaachana tena.

Kikaango kiwe kikavu na moto uwe mdogo. Rundo hukaa sekunde 20 hadi 30 kila upande, mpaka weupe wa unga mbichi upotee na vivimbe vidogo vianze kuinuka. Madoa ya kahawia yakitokea umechelewa: manda hiyo itavunjika wakati wa kukunja. Itoe, iweke juu ya kibao, na anza kuibandua ikiwa bado ya moto. Tafuta kwa ukucha ncha ya safu ya juu, inua kidogo, mvuke utoke, halafu vuta taratibu kuelekea kifuani. Safu ya kwanza huachia kwa mlio mdogo wa kuchanika, na chini yake inaonekana ya pili, ikiwa na vumbi la unga na mng'ao wa mafuta. Aliyepaka mafuta vizuri hadi ukingoni atabandua nne zote bila tundu. Zikipoa hazibanduki. Kata kila duara nusu kwa nusu, panga manda na uzifunike kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Msimu nao una neno lake. Tarehe 1 Julai, sikukuu ya uhuru, Bujumbura iko katikati ya kiangazi. Manda hukauka ukingoni ndani ya dakika chache, kwa hiyo kitambaa kiloweshwe tena na tena. Desemba ni mvua. Hewa ina unyevu, manda hulainika na kushikana, na kitambaa kikavu au mfuko safi wa plastiki unafaa zaidi.

Kijazo kikavu

Sambusa nyingi huharibikia kwenye kijazo, na kosa huwa lile lile: maji. Maji yanalainisha manda kutoka ndani, yanapasua mshono, na yakifika kwenye mafuta ya moto yanaruka.

Nyama ya ng'ombe ya kusaga, nusu kilo, ipikwe bila mafuta na bila maji. Tia tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, chumvi, ndimu moja, nusu kijiko cha bizari nyembamba na pilipili manga. Itatoa maji yake yenyewe. Endelea kukoroga na kuvunja mabonge mpaka maji yote yaishe na punje zijitenge. Iache ipoe kabisa. Kisha, dakika chache tu kabla ya kukunja, changanya gramu 300 za vitunguu maji vilivyokatwa vidogo sana, dania, na pilipili mbichi kwa wanaoipenda. Vitunguu vikitiwa mapema pamoja na chumvi, huanza kutoa maji kwenye bakuli. Vikitiwa mwisho, huiva ndani ya sambusa na kubaki na utamu wao. Poro, jamii ya kitunguu ambayo haikosekani kwenye masoko ya Bujumbura, inaweza kuchukua nafasi ya nusu ya vitunguu hivyo.

Sambusa inayoitambulisha Bujumbura, hata hivyo, ni ya ndagala, nayo inastahili nafasi ya kwanza kwenye sinia. Ndagala ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, samaki wa rangi ya fedha wafupi kuliko kidole. Huvuliwa usiku kwa taa: mwanga huwavuta juu, wavu unawazingira. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina nguvu, samaki hutawanyika na wavuvi hupumzika. Kwa hiyo anayetaka ndagala wazuri kwa bei ya kawaida aangalie mbinguni kabla ya kwenda sokoni. Kama sikukuu imeangukia karibu na mwezi mpevu, wakavu wanunuliwe wiki mbili nyuma, wakati wa giza. Chagua waliong'aa, wasionuka uchungu wa mafuta yaliyochacha. Waliokaushwa juu ya vichanja ni bora kuliko walioanikwa mchangani, na faranga za ziada unazolipa zinaokoa meno ya wageni.

Gramu 200 za ndagala wakavu zinatosha sambusa 48. Ondoa vichwa, osha kwa maji ya moto mara tatu mpaka maji yatoke safi, kamua, watandaze wakauke. Kaanga poro moja na kitunguu saumu kwa vijiko viwili vya mawese, tia ndagala, geuza dakika tano, kamulia ndimu. Hatimaye changanya na gramu 400 za viazi mviringo vilivyochemshwa na kupondwa vikiwa vimekauka vizuri. Viazi vinashika samaki pamoja na kupunguza ukali wake, na mawese yanatia rangi ya dhahabu inayoonekana mgeni anapong'ata. Nyanya isitiwe kabisa, hata kama nyumbani ndagala hawapikwi bila nyanya.

Kwa wasiokula nyama wala samaki, viazi hivyo hivyo na njegere vinatosha, vikitiwa bizari na pilipili.

Kukunja na kukaanga

Koroga vijiko vitatu vya unga na maji kidogo upate gundi nzito. Shika nusu duara ya manda, upande ulionyooka juu. Paka gundi kwenye nusu ya upande huo, pindisha ncha moja hadi katikati, leta ya pili juu yake, bana: umepata koni. Ncha ya chini ibanwe vizuri, kwani tundu dogo hapo linatosha kuingiza mafuta. Tia kijiko kimoja cha chakula cha kijazo, usishindilie, paka gundi mdomoni na ufunge. Kazi hii inakwenda vizuri wakiwa watatu: mmoja anakunja, mmoja anajaza, mmoja anafunga. Ua wa Nyakabiga haukosi mikono hiyo siku ya sherehe.

Mafuta lita mbili kwenye karai pana yanatosha. Joto linalotakiwa ni kama nyuzi 170. Asiye na kipima joto adondoshe kipande cha donge: kikizama, kikatulia kidogo, kisha kikapanda na mapovu, mafuta yako tayari. Kikielea papo hapo na kuwa kahawia, moto ni mkali. Vuta makaa mawili matatu pembeni kwa koleo. Kikikaa chini, ngoja. Usitie zaidi ya sambusa kumi kwa mara moja, kwa sababu kila moja inapoza mafuta, na mafuta yaliyopoa huingia ndani badala ya kukaanga nje. Dakika nne au tano, ukizigeuza, zinatosha.

Siri ya wenye sherehe kubwa ni kukaanga mara mbili. Mara ya kwanza dakika mbili tu, mpaka manda igande na iwe ya rangi ya maziwa, zitoe, zitandaze. Wageni wakishaketi, zirudishe kwenye mafuta ya moto zaidi kidogo kwa dakika mbili nyingine. Zinatoka zikiwa kavu, na mpishi hakai nyuma ya karai sherehe nzima. Lakini kati ya mara ya kwanza na ya pili yasipite masaa mawili. Katika joto la uwanda wa Imbo, nyama haivumilii zaidi ya hapo bila jokofu. Kwa sababu hiyo hiyo manda zinaweza kutengenezwa jana yake na kulala zimefungwa, lakini nyama ipikwe siku yenyewe. Kama wageni wanaalikwa saa kumi jioni, nyama iive asubuhi sana kwa mwenye jokofu linalofanya kazi, au saa sita mchana kwa asiye nalo, kukunja kuanze mara inapopoa, na karai liwake saa nane.

Mbabura liwekwe mahali ambapo watoto hawapiti, juu ya ardhi iliyo sawa, na mfuniko mkubwa wa sufuria uwe karibu. Mafuta yakishika moto, funika na ondoa makaa. Maji yasimwagwe kamwe juu yake.

Vitamu

Sukari ya Burundi hutoka Moso, kwenye kiwanda cha SOSUMO, na miaka ya karibuni kuipata dukani kumekuwa si jambo la uhakika. Ndiyo maana kitamu cha kwanza cha kufikiria ni kile kisichohitaji sukari. Waganda wanacho: kabalagala, chapati ndogo nene za ndizi mbivu na unga wa muhogo. Bujumbura ina vyote viwili kwa wingi, na ndizi ndogo za kamaramasenge ni tamu kuliko nyingi. Chukua zilizoiva hadi ganda kuwa na madoa meusi, ponda gramu 400 za nyama yake bila kutia maji, tia chumvi kidogo, kisha ongeza unga wa muhogo, kati ya gramu 250 na 300, mpaka donge lisishike mikono. Lisukume unene wa sentimita moja, kata viduara kwa mdomo wa glasi ndogo, kaanga kwa moto wa wastani. Utamu wa ndizi huwahi kuungua, kwa hiyo makaa yapunguzwe kuliko ya sambusa. Kabalagala nzuri ni ya kahawia iliyokolea, laini katikati, na inakaa siku mbili bila tatizo.

Aliyepata sukari afanye visheti vya pwani. Vina fadhila moja kubwa: hutengenezwa wiki moja kabla. Changanya unga nusu kilo na gramu 60 za samli au siagi ya kupikia, usugue kwa vidole mpaka unga uwe kama mchanga uliolowa, tia iliki iliyotwangwa, kisha maziwa au tui kama mililita 250. Donge likishapumzika, lisukume unene wa nusu sentimita, kata vipande vya pembe nne vya sentimita mbili, kaanga polepole dakika nane hadi kumi mpaka viwe vigumu hadi ndani. Chemsha gramu 250 za sukari na mililita 100 za maji. Shira ikivutika uzi mmoja kati ya kijiko na kijiko, epua, mimina visheti, geuza bila kuacha. Kwa dakika moja vitang'aa na kunata. Halafu ghafla sukari itageuka nyeupe na kila kimoja kitajitenga na mwenzake. Vikipoa, viingie kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, hasa Desemba, maana hewa ya mvua huvirudisha kwenye kunata.

Vipo pia vipande vya manda vilivyopasuka au kubaki. Visitupwe. Kata nyuzi nyembamba, kaanga dakika moja, nusu nyunyizia sukari na mdalasini, nusu chumvi na pilipili. Watoto watavimaliza kabla ya hotuba ya kwanza.

Utaratibu wa karai

Mafuta yana kumbukumbu, kwa hiyo mpangilio ni huu: kabalagala na nyuzi za manda kwanza, viazi na njegere vifuate, nyama baadaye, ndagala mwisho kabisa. Ukigeuza, kabalagala itanuka samaki, na hakuna iliki itakayoificha. Kama kuna wageni Waislamu, na kwa ujirani wa Buyenzi na Bwiza mara nyingi wapo, nyama inunuliwe kwa mchinjaji wao na karai lisiwe limepitiwa na nguruwe. Waambiwe hivyo mapema, wale kwa amani.

Sambusa zikitoka zisimame kwenye chujio, zisirundikwe, wala zisifunikwe zikiwa na mvuke. Sinia lipangwe safu moja, lenye napkini safi chini na vipande vya ndimu pembeni. Michuzi ya kuchovya iachwe kwa siku za kawaida. Pilipili ikae ndani ya kijazo. Sinia lianze kwa wazee, lipite safu kwa safu, na lirudi kujazwa mara nyingi likiwa dogo, kuliko kubwa moja linalopoa mezani.

Zitakazobaki za viazi na za njegere zitapashwa asubuhi juu ya kikaango kikavu, dakika tatu kila upande, kwa chai ya maziwa. Za nyama na ndagala zilizolala nje ya jokofu zisiliwe. Mafuta yakipoa yachujwe kwa kitambaa safi, yaingizwe kwenye chupa, na chupa iandikwe "samaki" ili wiki ijayo asije mtu akayakaangia mandazi.